Karani Duifje na Kisanduku cha Dini

Mwandiko wa Duifje Roselaar ulijulikana mji mzima. Kwa miaka kumi na mitano alifanya kazi katika ofisi ya usajili ya mji mdogo wa jimbo la Friesland, akijaza kadi: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kahama, nani wa dini gani. Wajerumani walipoiteka Uholanzi, alipata barua fupi, yenye adabu zote: kwa kuwa ni Myahudi, asifike tena kazini.

Miaka nenda miaka rudi watu walinong'onezwa kwamba Myahudi ndiye aliyeleta kila balaa, vita vilivyoshindwa na kazi zilizokosekana. Sasa mnong'ono ulikuwa sheria.

Januari 1941, kila mwenye babu au bibi Myahudi aliamriwa kujiandikisha. Heintje, mama yake Duifje, alivaa kofia yake ya Sabato.

"Hatujaiba cha mtu. Acha waandike."

Karani alikuwa Jelle Haitsma, aliyekaa dawati moja na Duifje miaka minane. Akamvutia mama kiti.

"Karibu, Mama Roselaar. Miguu vipi?"

"Ya kizee hiyo, Jelle. Andika upesi kabla haijaning'oka!"

Wakacheka. Duifje alikodoa macho. Hakuna aliyefoka, hakuna aliyeshika fimbo. Wino tu.

Ikafuata herufi J, alama ya Myahudi, kwenye kitambulisho. Redio ikachukuliwa. Kisha nyota ya njano kifuani, kisha baiskeli ikachukuliwa. Kila amri ilikuwa ndogo, na kila mara majirani walisema angalau imeishia hapo.

Aprili 1943 Wayahudi wote waliobaki mjini waliitwa kambini, eti wakafanye kazi. Jelle akaja mchana kweupe, kwa mlango wa nyuma, uso umempauka.

"Bi Duifje, msiende. Jificheni."

"Wamesema ni kazi."

"Orodha nimeinakili mimi. Kuna kichanga cha wiki tatu. Kuna mzee wa miaka tisini na mmoja, kipofu. Wanakwenda kufanya kazi gani?"

Duifje alikaa chini palepale jikoni. Mama aliendelea kukunja blanketi.

"Mimi kujificha kwenye majani na miguu hii siwezi. Wewe nenda, mwanangu. Nenda, usinitie uchungu."

Akaenda. Mama yake alipakiwa kwenye treni hadi kambi ya mauaji ya Sobibor, Poland, na kuuawa kwa gesi siku aliyofika. Duifje alijificha miaka miwili darini, juu ya zizi la Grietje Boonstra, mjane mwenye watoto, mfuga ng'ombe ambaye hakuwahi kumjua kabla.

Vita vilipokwisha alirudishiwa dawati lake. Akaomba mafaili ya wakati wa vita, akayasoma wiki nzima. Alitarajia kukuta kazi ya wendawazimu. Alikuta ratiba za treni, nakala tatu tatu, mihuri iliyonyooka, makarani wakiombana radhi kwa kuchelewesha majibu. Katika Wayahudi kama laki moja na arobaini elfu wa nchi ile, zaidi ya laki moja walikuwa wameuawa kwa utaratibu huo. Na kwenye kadi za zamani, ndani ya kisanduku cha dini, aliuona mwandiko wake mwenyewe: Myahudi, Myahudi.

"Mimi niliandika tu," Jelle alisema.

"Najua. Na mimi pia. Na dereva wa treni aliendesha tu."

Tangu siku hiyo Duifje hakujaza tena kisanduku kile. Mkuu wa ofisi alimkaripia mara mbili, kwa maandishi. Alikiacha kitupu hadi alipostaafu.

Jumapili moja alikwenda kwa Grietje kumenya viazi. Yale ya ofisini alikuwa ameyaelewa hatua kwa hatua. Huyu mwanamke ndiye aliyemshinda kumwelewa.

"Wangekuua na wanao. Kwa nini ulinifungulia?"

Grietje alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anakamua ng'ombe.

"Ulikuwa mlangoni, dada, umelowa chapachapa. Ningefanyaje? Hebu nipe hicho kisu, unamenya na nyama yake."

Duifje akampa kisu, akabaki amemtazama.