Kilega cha Msituni

Niseme ukweli mapema: nilimwonea wivu mdogo wangu. Nyumba yake ya mabati mapya karibu na stesheni nilimwachia, na mume wake pia, Mungu amtunzie. Kilichoniuma ni sauti yake.

Kazi ya kutengeneza programu ya simu ya kufundisha Kilega, lugha ya mama yetu, niliianzisha mimi. Ni mimi niliyezunguka Kindu na daftari, nikiokota maneno kwa wamama wa sokoni na kwa wachimbaji waliotoka Pangi. Vijana wa kompyuta walikuja baadaye. Kanuni yetu ilikuwa rahisi: neno moja linasomwa na watu kadhaa, kisha wote tunasikiliza na kupiga kura, na sauti inayoshinda ndiyo inayobaki. Nilirekodi wiki nzima. Mdogo wangu akaja Jumamosi moja tu, nywele nusu zimesukwa, akasoma huku anacheka, akaenda zake. Akashinda karibu maneno yote. Mimi nikabaki na neno moja, "nyamaza".

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikachukua simu nikampigia kura za hapana, neno baada ya neno, mimi ninayefundisha watoto katekisimu.

Jumamosi iliyofuata nilimkabili kijana mmoja wa kompyuta mbele ya watu, mdogo wangu akiwepo. Kwa nini sauti yangu haipiti?

"Mama, unasema muzuri, lakini iko chini sana. Watu wanasema ni kama unawapa siri."

"Kilega tunasemaka vile," nikamjibu kwa hasira.

Mdogo wangu akanishangaa. "Yaya, dada yangu, nani alikudanganya? Mama alikuwa anapaza sauti mpaka majirani wanaitika!"

Nikachukua daftari langu nikaondoka. Kabla ya vita, nyumbani kwetu Kindu tulisema Kiswahili tu. Vita vilipotufukuza, mama alinikimbiza kwao, msitu wa upande wa Pangi, na huko ndiko alikonifundisha Kilega, mdomo wake sikioni mwangu, kwa sababu wenye bunduki walikuwa wakipita njiani. Lala chini. Usikohoe. Njoo. Tuliporudi nilipelekwa kusoma Kibombo kwa shangazi. Mdogo wangu alizaliwa nikiwa huko, mama akamlea kwa Kilega. Niliporudi kukaa, mama alikuwa ameshazikwa, na mimi nilidhani lugha yake yote ni ya kunong'ona; sauti kubwa za wamama wa sokoni niliziona ni kelele za soko tu.

Nilipofika nyumbani nilifungua neno "njoo" la mdogo wangu. Alikuwa ameliita kama alivyoitwa yeye: kwa nguvu, kwa kuvuta, na kicheko mwishoni. Nikamsikia mama amesimama uani, haogopi mtu, anamwita mtoto wake aje kula.

Nilifuta kura zangu zote za hapana. Wivu ulibaki, tena ulizidi. Nililirudia lile neno mara nyingi, nikimsikiliza mama akimwita mwingine.