Tulivyohama kwa Kukohoa

Sikusoma. Darasa la pili nililianza, mtama ukaiva, nikatumwa shambani kufukuza ndege, na shule haikunifuata huko. Lakini kuta nazijua. Nipeleke leo mitaa ya katikati ya Dodoma, na macho yangu haya yalivyochoka, nitakuonyesha ukuta niliojenga mimi na ukuta aliojenga mtu mwingine. Natangulia kusema hivyo ili ujue kwamba aliyenikosoa kazi, kwenye nyumba yangu mwenyewe, nami nikatii, hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa mama mkwe wangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena. Bati ambalo zamani uliliombea kibali mpaka ukasahau ulitaka kuezeka nini, sasa lilisimama nje ya duka likisubiri mwenye nazo. Mimi na mke wangu tulipanga vyumba viwili karibu na soko, kwa mzee mmoja Mwislamu, mtu wa mjini hasa, ambaye babu yake alifika huku na misafara ya biashara na hakurudi pwani. Kule Nkuhungu, wakati huo vichaka na vigingi vya viwanja, nilikuwa na nyumba yangu ya vyumba vitatu. Niliipandisha mwenyewe jioni na Jumapili, nikishatoka kwenye kazi za watu. Kuta zilikuwa zimefika juu. Bati lilikuwa juu ya chumba kimoja tu.

Hiyo ndiyo hali halisi. Niliyokuwa nasema ni haya: nyumba yangu imekwisha. Nilimwambia mwenye nyumba, nikawaambia mafundi wenzangu, nikamwambia mke wangu, naye akampelekea mama yake kijijini. Mtu aliyeingia mji huu na kaptula moja, maneno hayo ni matamu kinywani. Niliyasema mpaka nikayazoea.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, upepo wa baridi ukisukuma vumbi mtaani, yule mzee alitoka msikitini akakaa barazani, kofia mkononi. Nilikuwa nimeegemea ukuta nasubiri chakula. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akaitikia, kisha akasema:

"Fundi, vijana wangu wameiuza."

"Wameuza nini, mzee?"

"Hiyo uliyoegemea."

Nikasimama wima, kana kwamba ukuta umeshakuwa wa mtu.

"Mnunuzi anaingiza mali yake Jumatatu," akasema. "Wapangaji wengine nimewaombea mwezi. Wewe sikukuombea. Nilimwambia huyu hana taabu, kwake kumekwisha. Si kumekwisha?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema mzee, bado, niombee na mimi. Nikasema, "Kumekwisha."

Nikaingia ndani kumwambia mke wangu, na sikuingia mbali. Alikuwa amejifungua siku nane zilizopita, mtoto wa kiume, baada ya mimba mbili kutoka. Damu nyingi ilimwagika. Hospitali walimruhusu kwa sharti asikae mbali nao, arudi kuonwa kila baada ya siku chache, na asiinue hata ndoo. Ndiyo maana mama yake alikuja kutoka vijiji vya upande wa Chamwino. Yeye ndiye aliyempikia uji, akamkanda, akamfulia mtoto. Bila yule mama, mke wangu hakuwa na mikono.

Lakini kwetu mama mkwe huheshimiwa kwa umbali. Humpi mkono. Huli mbele yake. Chumba anacholala hukanyagi, na kulala naye chumba kimoja, hata muwekewe pazia, ni jambo ambalo wazee wangelisimulia mpaka tuzikwe wote. Vijana wa sasa wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana mabega. Sigombi nao. Sisi tulilelewa hivyo. Kwa hiyo mama na binti walilala chumba cha ndani na mtoto, mimi nikalala cha nje, na nilichotaka kusema nilikisema kwa mke wangu kupitia mlangoni, wakati mkwe akitazama pembeni kama hasikii.

"Jumapili tunahama," nikamwambia.

"Kule?" akauliza mke wangu.

"Kule."

"Na chumba cha mama kipo?"

"Kipo."

Alinitazama, akaendelea kunyonyesha. Alikuwa amenizoea.

Nikaenda Nkuhungu jua likiwa bado juu, nikasimama katikati ya nyumba yangu nikipiga hesabu. Bati la chumba cha pili halikuwemo mfukoni mwangu wala kwa rafiki yeyote niliyemfahamu. Nilichokuwa nacho ni miti ya jukwaa, ile tunayopanda kujengea kuta ndefu, na vichaka vya kukata fito. Nikajua la kufanya, na sikulipenda. Baba yangu aliishi kwenye tembe, nyumba ya paa la udongo, akafia humo. Mimi nilikuja mjini kwa sababu ya bati. Nilikuwa nimeapa sitalala tena chini ya udongo. Jumamosi nzima nikaikata kwa msumeno miti yangu ya kazi, nikailaza juu ya kuta za chumba cha nyuma, ambacho kilikuwa na mlango wake wa nje. Jua likazama fito hazijaenea.

Jumapili asubuhi nikaja na mtu wa mkokoteni, mtu mzima mwenzangu, mwepesi wa mikono na wa mdomo. Sasa tazama hali. Chumba cha ndani kilipitia cha nje. Nisingeweza kuingia kutoa kitanda mpaka mkwe atoke, na mkwe asingetoka maadamu mimi nimesimama chumba cha nje. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Nilitoka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakohoa mara mbili. Yeye akatoka na mtoto, akaenda uani, akakohoa mara moja. Mimi nikaingia. Nilipofungua kitanda na kutoa mbao zake, nikakohoa, nikapotea. Yeye akarudi kuchukua vyombo vya uzazi. Tulihamisha nyumba nzima namna hiyo.

Yule wa mkokoteni akanivumilia kwa mizigo mitatu. Mzigo wa nne akasema, "Fundi, kama ni kifua kikuu niambie mapema, mimi nina watoto."

"Kaza kamba," nikamwambia.

Kosa moja nililifanya. Mlangoni palikuwa na furushi limefungwa kwa kanga, nikaliinua nikidhani ni nguo za mtoto. Huko uani pakasikika kikohozi kirefu, kikavu, cha mtu asiyeumwa. Nikaliweka chini taratibu kama yai. Furushi la mkwe alilibeba mwenyewe.

Mwenye nyumba alituazimia pikapu ya mwanawe. Mama, binti na mtoto wakakaa mbele na dereva. Mimi nikafuata kwa miguu, nikisukuma mkokoteni kwa nyuma.

Tulipofika, mkwe alikuwa amekaa uwanjani juu ya furushi lake, ametupa mgongo. Hakuwa amelifungua. Mke wangu alikuwa amelala ndani ya chumba cha bati, juu ya mkeka, mtoto kifuani. Nikasimama mlangoni.

"Mama anauliza chumba cha pili ni kipi," akasema.

"Kile cha nyuma."

"Anasema amekiona. Anasema ameona na mbingu."

Nikahesabu kichwani fito zilizobaki.

"Anasema kesho asubuhi gari la Chamwino linapita barabarani pale. Anaondoka. Na mimi na mtoto anataka twende naye, maana huku hakuna wa kunichotea maji."

"Na hospitali?"

"Mwambie wewe." Akafumba macho. Alijua siwezi.

"Nitalala kwa mafundi wenzangu. Mwambie hivyo."

Akamwita mama yake dirishani, wakasemezana. Jibu likarudi fupi: mama mkwe hawezi kumtoa mwanaume kwenye nyumba yake, wala kumlaza chini ya mbingu, halafu akaendelea kuitwa mkwe. Na kweli, kwetu hiyo nayo ni aibu, tena kubwa kuliko ile ya kwanza.

Basi pakabaki paa. Jua lilikuwa limepita utosi kidogo. Yule wa mkokoteni nilimwomba abaki, akabaki. Tukamaliza fito, tukatandika nyasi, tukaanza kuchimba udongo kwenye shimo lile lile nililotolea matofali. Mimi nikapanda juu, yeye akawa ananirushia kwa ndoo. Mke wangu alikuwa amesinzia. Mkwe akamtoa mtoto nje kuota jua, akakaa na mgongo wake upande wetu, akawa anazungumza na mjukuu wake, ambaye alimwita "mume wangu" kama bibi wote wanavyofanya.

"Mume wangu," nikasikia, "yule anayemwaga mchanga juu ya nyumba, unamfahamu?"

Yule wa mkokoteni akasimama na ndoo yake.

"Muulize anaezeka au anaanika ulezi."

Nilikuwa na jasho na hasira. Lakini kumjibu mkwe siwezi. Nikamjibu mtoto. "Mwanangu, mwambie bibi yako kazi hii naifanya toka sijaota ndevu."

"Mume wangu, mwambie fundi wa saruji ni fundi wa saruji. Udongo wa shimo hili una mchanga. Mvua ya kwanza ataogea kitandani. Nyuma ya ule mgunga kuna kichuguu. Wenzake wanaezekea kichuguu."

Yule wa mkokoteni akaniangalia. "Fundi, mtoto anasema kichuguu."

Nilikaa pale juu kidogo, miguu ikining'inia ukutani mwangu. Nilikumbuka baba yangu akitupeleka kwenye kichuguu na majembe, kila mwaka kabla ya mvua. Nilikuwa nakijua kitu hicho. Nilikuwa nimekitupa kwa makusudi, pamoja na tembe lenyewe. Nikashuka. Udongo wa shimo tukaukwangua wote, tukaenda kwenye kichuguu.

Toka hapo niliongozwa na mtoto wa siku kumi. Mtoto akasema nyasi hazitoshi, tuongeze, tena zilale kuvuka fito. Mtoto akasema maji yapungue, udongo si uji. Mtoto akasema samadi ichanganywe kwa miguu, na baba yake asikanyage kama mtu aliyealikwa ngomani. Mtoto akasema paa liinamie nyuma, kidogo tu, kiasi cha maji kujua njia. Mimi nilijibu, "Sawa, mwanangu," kila mara. Sijawahi kumwambia mwenye kazi yeyote sawa mara nyingi vile. Yule wa mkokoteni alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaendelea kurusha.

Jua lilipokuwa linagusa vichaka tulikuwa tumelainisha tabaka la mwisho kwa viganja. Nikawasha moto wa samadi ndani ili ukaushe, nikatandika mkeka wangu kando yake, na chumba cha bati nikawaachia wao watatu. Nilipopita uwanjani nilitazama furushi. Bado lilikuwa limefungwa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa juu ya paa naziba nyufa niliposikia honi barabarani. Gari la Chamwino. Likasimama, likanguruma, watu wakaitana. Sikugeuka. Niliendelea kusugua ufa ambao ulikwisha kuziba. Gari likaondoka. Ndipo nikatazama chini. Kwenye kamba niliyofunga baina ya ukuta na mgunga zilikuwa zimeanikwa kanga mbili za mkwe, zimefuliwa, na ile ya tatu, iliyofungia furushi, ilikuwa imembeba mtoto mgongoni mwake.

Paa lilipokwisha kauka, kama siku ya tano, mke wangu aliniita mlangoni. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi.

"Mama anasema bati hili ni baridi kama maji ya kisima. Mtoto anapiga chafya. Anasema chumba cha nyuma kina joto."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tubadilishane."

Nikazunguka nyuma ya nyumba nikakohoa. Tukahama tena, hatua kumi. Wao watatu wakalala chini ya udongo, mimi nikapewa bati langu. Nililala nimejikunja miezi miwili kwenye upepo ule, bati likigonga juu yangu. Mkwe alikaa mpaka mtoto akaweza kukaza shingo na mke wangu akabeba ndoo mwenyewe kutoka bombani. Hospitali alienda kwa miguu yake, akarudi kwa miguu yake.

Nyumba ile niliimaliza baadaye, bati kila chumba. Lakini cha nyuma sikukishusha udongo wake. Bati nililipandisha juu ya udongo, na upo mpaka leo, na miti yangu ya jukwaa ndani yake. Mafundi vijana wakija huinua macho wakauliza nani alisimamia kazi hii ya ajabu. Nawaambia msimamizi alikuwa na siku kumi, na alikuwa mkali.