Kadi ya Abdi

Leo nimeipata kadi ya Abdi.

Miaka ya tisini tulitoka Mandera juu ya lori la mbuzi, tukienda mbio za taifa Nairobi.
Kaptura yake haikuwa na mfuko, akanipa nimwekee kadi ya uhakiki ya rangi ya waridi, ile ambayo sisi Wasomali tulidaiwa na polisi kwenye kila kizuizi.

Kwenye kizuizi cha daraja la Garissa nikapekua begi langu lote. Sikuiona.
Abdi akarudishwa.
"Walaal, ndugu yangu, wewe nenda ukakimbie," akaniambia.
(Mwenye mbio alikuwa yeye. Mimi nilimaliza karibu na mkia.)

Leo binti yangu kafumua begi lile. Kadi ilikuwa ndani ya bitana.

Abdi tulimzika mwaka jana.
Siku zote alimwambia mama yake kwamba aliipoteza yeye mwenyewe.

Mama yake yuko hai. Nimpelekee?