Nilivyofuatilia mashindano ya kuzunguka dunia kwa boti nikiwa Kihesa, hadi majirani wakaja kutupa pole

Wakuu, kamwene.

Hii habari nikiisimulia kazini watu wanaanza kucheka kabla sijafika katikati. Nimeona niilete humu, mcheke mkiwa mbali. Ni ya kweli tupu, imetokea nyumbani kwetu Kihesa, Iringa, na mhusika mkuu ni mama yangu mzazi. Siwezi kumsingizia mama.

Wale wa "weka picha" mtanisamehe. Mama hapendi kupigwa picha.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni tracking. Nipo Mbeya kwenye kampuni ya malori, nakaa mbele ya kioo kutwa nzima naangalia magari yanayopanda Tunduma na yanayoshuka Dar. Kila gari ni kidoti. Kidoti kikisimama Ruaha Mbuyuni tunajua dereva ananunua vitunguu, hatumsumbui. Kikisimama porini pasipo na nyumba, tunapiga simu. Kikitoka nje ya njia, bosi anapiga mwenyewe.

Sasa siku moja mfumo wetu uligoma. Katika kuhangaika mtandaoni nikaangukia ramani ya dunia yenye vidoti vya rangi katikati ya bahari. Nikadhani ni meli za mizigo.

Kusoma vizuri, kumbe ni mashindano. Kila kidoti ni boti ya matanga, na ndani yake kuna mtu mmoja tu. Wanatoka Ulaya, wanashuka mpaka chini ya Afrika, wanapita kusini mwa Australia, wanazunguka ncha ya Amerika Kusini, halafu wanarudi palepale walipoanzia. Hakuna kutia nanga kupumzika. Hakuna kuletewa spea. Hata injini imefungwa lakiri ili mtu asidanganye, kinachosukuma ni upepo.

Mimi bahari nimeiona mara moja, Dar, na kuogelea sijui. Ila jicho la kazi likanasa.

Kidoti kimoja kilikuwa kinaenda kushoto, kinarudi kulia, kinaenda kushoto tena. Nikamwita mwenzangu wa zamu, Mnyakyusa mmoja wa Tukuyu, nikamwuliza angemfanya nini dereva wa namna hii.

"Gwe, huyo amelewa," akasema. "Mpigie aegeshe gari."

Baadaye nikasoma kwamba boti ya matanga haiwezi kwenda moja kwa moja upepo unakotoka, lazima ikate kona. Yule tuliyemwita mlevi alikuwa anaendesha vizuri kuliko sisi sote. Tangu hapo nikawa mteja wa ile ramani.

Kila shabiki ana timu yake. Mimi nilimchagua mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na mkia. Walioko mbele wana boti mpya zenye mabawa, zinanyanyuka kabisa juu ya maji. Yake ilikuwa ya zamani, inakwenda kama lori chakavu linalopanda mlima Kitonga. Lakini haikusimama. Nikampenda bure.

Tuache boti kidogo, nieleze ya nyumbani, maana hayo mawili yalikuja kugongana.

Baba alishatangulia. Mama anaishi Kihesa peke yake, na sisi watoto tupo Mbeya. Mvua zilipoanza mwaka ule, mama aliteleza uani akitoka kumwaga maji, akashindwa kuinuka. Alilala pale kwenye tope mpaka jirani alipokuja kuazima chungio. Mfupa haukuvunjika, lakini sisi tulivunjika. Niliposikia alivyokaa pale chini akiita na mvua inapiga mabati, nililia kama mtoto.

Dada yangu mkubwa, Tumaini, ni mwalimu na akishaamua ameamua. Alisema mama anahamia kwake Uyole, hapo Mbeya, nyumba ya Kihesa inapangishwa. Chumba kikapakwa rangi, kitanda kikanunuliwa.

Kilichobaki ni mama mwenyewe kukubali, na mama alikuwa hakubali. Nikatumwa mimi. Nikachukua likizo ya Desemba, nikaenda kukaa naye nimlainishe polepole, na baada ya Krismasi nirudi naye Mbeya.

Siku ya kwanza tu mama akaona nimeinamia simu.

"Unaangalia nini hapo muda wote? Umeoa?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba kuna mwanamke yuko katikati ya bahari, peke yake, anazunguka dunia.

Mama akakaa chini kabisa. "Amewakosea nini kwao?"

"Hajakosea, mama. Ni mashindano."

"Mtu mzima hawezi kuachwa aende peke yake hivyo. Hata kwenda hospitali tu mtu anasindikizwa. Huyo wamemfukuza, wewe hujaambiwa."

Nilimweleza mpaka nikachoka. Kwetu kula peke yako tu watu wanakuonea huruma, sasa utamwelezaje mtu kwamba kuna watu wanaomba na kushindania nafasi ya kuwa peke yao? Mama akaamua kwamba yule mwanamke ni mtoto wa watu aliyekataliwa, na kuanzia siku hiyo akampokea. Jina lake la kizungu lilimshinda. Akamwita Wetu.

Basi ikawa ndiyo salamu ya asubuhi. "Wetu ameamkaje?"

Na maswali, wakuu! Anakula nini? Nikasoma, nikamwambia anakula chakula kikavu anachomwagia maji ya moto. Mama akasikitika. Maji ya kunywa anatoa wapi? Ana mashine inayotoa chumvi kwenye maji ya bahari. Analala saa ngapi? Analala vipande vipande, anaamka anakagua matanga, anajilaza tena. "Kama mwenye mtoto mchanga," mama akasema, akaridhika. Anaogopa? Hilo sikupata jibu mtandaoni.

Mimi nikajikuta nasoma kuliko nilivyosoma sekondari. Nikajua kwamba kule kusini mawimbi yanazunguka dunia bila kugonga nchi kavu, na kwamba kuna mpaka wamechorewa wasiuvuke kwa sababu ya vipande vya barafu. Mama akataka kujua barafu inafikaje baharini na nani anaichunga.

Suala la kuhamia Uyole nikawa naliahirisha. Nikilianza tu, mama ananiuliza upepo.

Siku moja tunachambua maharage, akauliza kitu kilichonikaa.

"Huko nchi kavu wanajuaje kama yuko mzima?"

"Anatuma meseji, mama. Kuna watu wake wanasubiri."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na akinyamaza?"

"Wanaanza kumtafuta."

Mama akachota konzi nyingine. Akaendelea kuchambua maharage.

Krismasi imepita kidogo, naamka, nafungua ramani, kidoti cha Wetu kimesimama. Kusini kabisa, mbali na kila nchi. Wenzake wote wamesogea, yeye yupo palepale pa jana. Kwenye ukurasa wa mashindano wameandika kwamba kuna dhoruba kubwa eneo lile, mawasiliano yake yamekatika, na wanaendelea kumtafuta.

Nikafungua upya, palepale. Kazini kidoti kikisimama napiga simu, dereva anapokea, ananidanganya, tunaendelea na maisha. Huyu nimpigie nani?

Nikafanya kosa, nikamwambia mama.

Mama akatoka hivyohivyo na kandambili akaenda kwa Mama Kikoti, jirani yetu na mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani. Ndiye huyuhuyu aliyemkuta uani siku ile kwenye tope. Nikajua wanakwenda kusali tu, kwa sababu Wetu alishaingizwa kwenye maombi ya jumuiya tangu mapema.

Chai haijapoa, nasikia hodi.

Wakuu, walikuja kina mama wa jumuiya nzima. Wamejifunga khanga viunoni, mmoja ana unga kwenye beseni, mwingine maharage, mwingine kabeba kuni kichwani. Wakavua viatu mlangoni, wakatandika mkeka sebuleni, wakakaa wakamzunguka mama. Wawili wakapitiliza jikoni, wakawasha moto.

Nikajua nimekwisha. Nimesababisha msiba wa mtu asiyekufa, raia wa nchi nyingine, kwa kutumia bando langu mwenyewe.

Nikasimama mlangoni nikasema, "Mama zangu, shikamooni. Jamani huyu mtu hajafa. Ni mawasiliano tu yamekatika. Na tena, sio ndugu yetu."

Mama Kikoti akanitazama kuanzia miguuni. "Nani amesema amekufa?"

Nikalitazama lile beseni la unga.

"Mtu wenu hajulikani alipo. Tukuacheni mkae peke yenu? Kaa chini, kijana."

Nikakaa chini.

Hakuna aliyelia. Walisali, wakaimba taratibu, wakanywa uji. Kila baada ya muda mmoja ananigeukia, "Angalia tena," nami natazama simu, natikisa kichwa, wanaendelea. Bibi mmoja wa nyumba ya chini akauliza kama huyo mtu ana mama. Nikasema sijui. Akasema, "Basi mama yake asikae peke yake leo," na wote wakaitikia.

Pale kwenye mkeka ndipo nilipoanza kuona vibaya nilichotumwa. Nilikifikiria kile chumba cha Uyole. Dada na shemeji wanatoka asubuhi, watoto wanakwenda shule, geti linafungwa, mama anabaki na televisheni mpaka jioni. Akinyamaza pale, nani atakuja na unga?

Mchana kidoti kikasogea.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia uani. Wameandika kwamba boti ililazwa na wimbi, antena ikang'oka, ameunga nyaya mwenyewe na yuko mzima, anaendelea na safari. Kina mama walipiga vigelegele, Kihesa yote ikajua kuna jambo. Mimi nikauliza kwa heshima kama waondoke na unga wao.

"Unga wa pole haurudi," akasema Mama Kikoti. "Tutaula kwa furaha." Tukaula.

Jioni ile dada akapiga kuuliza tunaondoka lini. Nikaweka simu sauti kubwa, mama akachukua uwanja.

"Tumaini mwanangu, hicho chumba mpe mtoto. Kuna mwanamke yuko baharini peke yake na hapotei, kwa sababu kila siku anasema yuko wapi. Mimi nitasema."

"Mama, wewe sio boti."

"Ndiyo, mimi nina Mama Kikoti. Yeye hana."

Walibishana sana. Dada alilia, akasema anaogopa kupigiwa simu siku moja aambiwe mama amekutwa amekufa. Mama akalainika, akamwambia, "Hata mimi naogopa, mwanangu. Siku ile uani niliogopa sana." Alikuwa hajawahi kutuambia hivyo. Mwisho tukakubaliana kwamba kila asubuhi mama anatuma meseji kwa simu yake ya kitochi kwa sisi wote wawili. Chai ya saa nne ikifika kimya, Mama Kikoti anagonga mlango. Uani nikamwaga kokoto mwenyewe kabla ya kuondoka.

Meseji zake ndizo hizi: "Nipo. Mvua. Nimekula." Siku nyingine: "Nipo. Upepo toka Udzungwa. Kuku katotoa." Dada anazisoma shuleni, anajibu na emoji za maua.

Wetu alimaliza, wakuu. Washindi walikuwa wameshapumzika na kusahau, yeye ndiyo anaingia. Nilisafiri mpaka Kihesa makusudi tuangalie wote. Watu walijaa ufukweni, fataki zinapigwa, wanalia, wanaimba jina lake.

Mama akasogelea kioo cha simu. "Hao wote ni wa kwao?"

"Wa kwao, mama."

"Basi hawakumfukuza," akasema, akajifuta macho.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Wiki iliyopita meseji haikuja. Saa nne ikapita. Napiga, haipatikani. Vidoti vya malori sivioni tena, nampigia Mama Kikoti.

Akapokea akihema. "Nipo mlangoni kwake tayari."

Nikasikia mlango unafunguliwa. Nikasikia mama anacheka. Mama Kikoti akanisimulia: amekaa kwenye kochi, kavaa vizuri, simu kaizima mwenyewe, na kikombe cha pili cha chai kipo mezani kinamsubiri atakayegonga.

"Nilitaka nione kama kweli mtanitafuta," akasema.

Dada alipopata habari alimfokea kwa simu, mimi nilishindwa. Nilienda chooni pale ofisini nikakaa kidogo.

Nilichojifunza ni kwamba mtu kukaa peke yake sio tatizo kubwa. Tatizo ni anyamaze na asiwepo wa kushtuka.

Nyie wenye wazazi mikoani mmejipangaje? Mnawahamisha au mnawaacha kwao? Na kama kuna mwingine humu anafuatilia hayo mashindano ya boti ajitokeze, nimechoka kubishana na Wanyakyusa wa ofisini. Shusheni maoni, nitajibu yote. Ila asubuhi mnivumilie, huwa nasubiri meseji kwanza.