Udaktari kwa Punguzo

Mume wangu alitangaza udaktari wake Kamachumu, kwenye kikao cha harusi ya mpwa wake, kabla hajajiunga na chuo chochote. Hakukusudia. Mwenyekiti wa kikao aliuliza tu, kwa adabu, mjomba huko Bukoba anafanya nini siku hizi. Badala ya kusema anafundisha, kama alivyokuwa akifundisha kwa miaka kumi na tisa, akasema yuko mbioni na udaktari wa biashara, ng'ambo.

Kwetu Wahaya neno kama hilo halianguki chini. Alihamishwa palepale kutoka kwenye benchi hadi kwenye kiti chenye mto. Kisha katibu akaukata mchango wetu aliokuwa ameshauandika, akaandika mwingine mara mbili ya ule, akieleza kwamba Dokta hawezi kuchangia sawa na fundi baiskeli. Niliusoma mara mbili. Ulikuwa mara mbili kweli.

Nisimcheke sana. Chuo anachofundisha mjini kilikuwa kimepata mkuu mpya, na mkuu huyo alikuwa amewaambia kwamba baada ya miaka michache idara zitaongozwa na wenye udaktari. Vijana aliowafundisha yeye kukokotoa faida na hasara walikuwa wamesharudi na udaktari wao, wanamwita "mzee wetu" na kumpisha kwenye foleni ya chai. Mtu anaweza kuvumilia dharau. Kupishwa kwenye foleni ya chai ni jambo jingine.

Udaktari wenyewe aliupata kwenye simu. Miezi kumi na minane, hakuna darasa, hakuna mtihani, na bei yake ilikuwa robo ya ile aliyokuwa ameisikia kwingine. Chuo kilikuwa katika nchi ya visiwa ambayo niliitafuta kwenye ramani ya shule ya binti yetu. Mara ya kwanza sikuiona. Mara ya pili niliipata chini ya mkunjo.

Tatizo lilikuwa awamu ya kwanza ya ada. Ilitakiwa mwezi uleule ili punguzo lisipotee, na nyumbani kwetu Nyanga, hapohapo mjini Bukoba, hapakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa sisi wenyewe. Mume wangu akakumbuka kahawa ya mama yake. Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi Kamachumu katika kibanja cha migomba na mibuni, na kahawa hiyo ndiyo chumvi yake, sabuni yake, dawa yake na sadaka yake. Wakati ule ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua. Lakini kuna watu wanaonunua hata maua. Biashara hiyo tunaiita butura: unauza kahawa ingali maua kwa bei ya mwenye shida, na ikiiva, anayeichuma ni mwenzako. Serikali inaikataza, mapadri wanahubiri dhidi yake, na bado haikosi wateja.

Mnunuzi alishapatikana. Alikuwa aje Jumamosi. Kahawa ikienda, mama mkwe angekula mwaka mzima kwa hisani yetu, na hisani ya nyumba yenye mwanafunzi naijua unene wake.

Nikaomba siku tano za kukikagua hicho chuo.

"Chuo si gunia la dagaa," mume wangu akasema.

Nikamwambia ndiyo maana naogopa. Mimi nauza dagaa. Nanunua kwa wavuvi wa visiwa vya Muleba na kuuza sokoni Bukoba, na kwenye gunia natia mkono mpaka chini, kwa sababu juu huwa pakavu siku zote. Mchanga hukaa chini. Chuo kilichomo ndani ya simu, mkono nitauingizia wapi?

Nilianza na maprofesa, kwa kuwa walikuwa na picha. Nikahesabu kumi na wanne. Niliporudia nikapata kumi na watatu. Nikadhani ni macho, nikarudia tena, ndipo nikamwona: profesa wa fedha na profesa wa uongozi walikuwa mtu mmoja. Kwenye fedha alivaa miwani. Mume wangu akaikuza picha, akasema huenda ni mapacha. Nikamuuliza kama na kovu la kidevuni walizaliwa nalo.

Siku ya pili nikaingia kwenye utambuzi. Waliandika kwamba chuo kinatambuliwa na baraza la kimataifa, na chini kukawa na nembo yenye simba wawili na kitabu. Nikatafuta namba ya simu ya baraza, nikaiweka kando ya namba ya chuo, nikazipitia tarakimu kwa kidole. Zilifanana zote isipokuwa ya mwisho. Baraza lilikuwa na nne, chuo kilikuwa na tano. Hata sokoni kwetu, mwenye duka na mkaguzi wa mizani hawalali chumba kimoja, au wakilala hawaandiki ukutani. Nikamwambia mume wangu aiandikie ofisi yetu ya serikali inayotambua vyeti vya nje, aulize kama wanakijua. Akasema ataandika. Hakuandika, aliogopa jibu.

Siku ya tatu, mchana, tukampigia afisa udahili kwa video. Alikuwa kijana mchangamfu, na neno lake la kwanza kwa mume wangu lilikuwa "Dokta". Mume wangu akakaa wima. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na wateja, kwa hiyo nilisema Kiswahili na mume wangu akatafsiri, huku akiyalainisha maneno yangu njiani. Niliposema bei yao ni ya wizi, nilisikia akisema mke wake anaiona ada ina changamoto kidogo.

Nikataja nusu. Mimi hutaja nusu kwa kila kitu. Ni salamu tu. Mwenye mali ya kweli hapo hucheka, au hukasirika, au hukuuliza kama umeshakula. Yule kijana hata hakupumua. Akasema sawa.

Mimi nikaogopa. Miaka yote sokoni sijawahi kukubaliwa nusu na mtu asiyetaka kukimbia. Nikajaribu tena, nikasema basi aongeze joho. Akasema joho lipo, na kofia yake, na gharama za kusafirisha juu yao. Nikasema kwetu mtu akinunua vingi hupewa nyongeza. Akauliza mama anafanya kazi gani. Mume wangu akamwambia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba nauza samaki wadogo. Kijana akafurahi. Akasema kwa uzoefu wangu naweza kupewa udaktari wa heshima wa uongozi wa biashara, niongeze ada ya uchapishaji tu.

Simu ilipokatika tulitazamana.

"Sasa tutakuwa wawili," nikasema.

Hakucheka. Akasema hata vyuo vikubwa vina punguzo, na bei ndogo si dhambi, si kila cha bei rahisi ni feki. Katika hilo alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Mimi mwenyewe naishi kwa vitu vya bei rahisi. Ila nilimwona anavyolitetea lile joho na nikajua hesabu zangu hazitamtoa. Ana digrii mbili. Mtu mwenye digrii mbili hashindwi hoja na mkewe siku ya kazi.

Jumamosi tukapanda gari mpaka Muhutwe, na kutoka hapo bodaboda mbili mpaka Kamachumu. Mama mkwe tulimkuta jikoni akimenya ndizi. Mume wangu akamweleza yote, kwa Kihaya kizuri, taratibu, kama anayefundisha mwaka wa kwanza: udaktari, miezi kumi na minane, ng'ambo bila kupanda ndege, hakuna mtihani, na kahawa. Neno kahawa alilitia mwishoni, dogo, kama dawa katikati ya ndizi.

Mama hakusimamisha kisu. Aliuliza kama huko wanasoma wengi. Mume wangu akasema maelfu, dunia nzima. Akauliza kama wanamaliza. Wote, mume wangu akasema, kwa fahari. Chuo hakijawahi kuangusha mtu.

Hapo kisu kikasimama.

"Waliofeli wako wapi?"

"Mae, nimesema hakuna aliyefeli."

"Wewe ulirudia kidato cha pili. Nikalipa ada mara mbili. Sikunung'unika, kwa sababu nilijua nalipia shule." Akachukua ndizi nyingine. "Hawa unawalipa nini, kama hata kukufelisha hawawezi?"

Miaka ishirini na mitatu ya ndoa na sikujua kwamba aliwahi kurudia darasa. Nililiweka mahali salama kwa matumizi ya baadaye.

Mnunuzi wa maua alipofika na pikipiki yake, mama alimkaribisha, akampa buni za kutafuna kama mgeni yeyote, akamuuliza habari za wazazi wake mmoja mmoja. Alipomaliza wazazi akamwambia, kwa heshima ya Kihaya, "Njoo zikiiva, waitu. Uje na mizani." Yule bwana akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama mgomba.

Tulirudi Nyanga, na Jumatatu akaiandikia ile ofisi ya serikali. Jibu lilikuwa fupi: chuo hicho hawakijui. Akawaandikia tena kuuliza kuhusu kingine alichokuwa amekiona, chuo cha umma katika nchi moja ya baridi, nacho ada yake ndogo, pungufu hata ya ile nusu yangu. Hicho walikijua. Lakini mimi nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, nikataka kujaribu mwenyewe. Nikamwambia aombe punguzo. Siku sita kimya. Siku ya saba mama mmoja akajibu kwa mistari miwili kwamba ada imepangwa na haina punguzo, na je, nakala iliyothibitishwa ya shahada ya uzamili iko wapi. Nikaanza kumpenda yule mama.

Tukampata pia mhadhiri wa Mwanza aliyesoma pale. Mume wangu alimpigia kuuliza kama ni pazuri. Yule bwana alilalamika kwa saa nzima: msimamizi wake mkali, sura ya tatu kaiandika mara tano, nywele zimemtoka. Mume wangu akakata simu amekata tamaa. Mimi nikamwambia tumefika.

Akatuma pendekezo lake la utafiti. Likarudi limekataliwa, na kurasa mbili za maoni. La kwanza lilisema: swali lako ni lipi hasa? Alikasirika siku mbili, akatembea kibarazani akiiambia migomba kwamba swali liko wazi. Angeruhusiwa kujaribu tena muhula unaofuata, bila ahadi.

Mwezi wa sita kahawa ikaiva. Tulikwenda Kamachumu kumsaidia mama kuchuma, na mume wangu akamsomea yale maoni palepale kibanjani, akiyatafsiri moja baada ya jingine. Mama alisikiliza kama anasikiliza waraka wa askofu. Lile la kwanza akaomba arudie, kwani na yeye hakulielewa swali la mwanawe.

"Hawa wamekusoma," akasema.

Akaturudisha kazini. Mume wangu alichuma mstari mmoja, shati la ofisini likishika utomvu, kisha akamuuliza mama yake, kwa udadisi wa kawaida tu, ilikuwaje miaka yote ile majirani wanauza butura, yeye hakuwahi.

"Nani amekwambia sikuwahi?"

Akaendelea kuchuma. Akataja mwaka, akamtaja aliyenunua, akataja alichopewa na alichopata mwenzake zilipoiva. Akasema alikuwa akipita kwenye mibuni ile kila asubuhi na kuiamkia kama ya jirani. Na mwaka uliofuata akauza tena, kwa mtu yuleyule.

"Kwa nini, Mae? Wakati ulishajua?"

Mume wangu alikuwa ameshaacha kuchuma, anajipapasa mifukoni kutafuta kalamu. Nikampa yangu, ile ninayoandikia magunia. Karatasi hakuwa nayo. Akageuza ukurasa wa pili wa maoni na kuanza kuliandika swali hilo mgongoni mwake.

Mama akamwambia ajaze kikapu kwanza, ndipo amjibu.