Jani la Isale Kwenye Baiskeli

Chekeni, nimeshazoea. Juzi, siku yangu ya kwanza kulinda lango la chuo cha ualimu hapa Arusha, Mkuu wetu, Mwingereza, aliniagiza: baiskeli isiyo na kibali isiegeshwe uani. Nilifurahi kama nimepewa uchifu!

Mara nikaikuta baiskeli bila kibali, jani la isale limefungwa kwenye usukani. Mimi Mchaga; kwetu anayekuletea isale anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia. Kumbe tayari naogopwa! Nikalifungua lile jani, nikalichomeka kwenye kofia, nikasimama kifua mbele.

Mkuu akaja. "Kibali cha hii kiko wapi?"

"Mwenyewe ameniomba radhi, bwana. Nimemsamehe!"

Kabla hajanijibu, mwanamume mmoja akatoka mbio jikoni, jasho tupu, mpishi wa chuo akimfuata amekunja uso.

"Bwana askari, nipe isale langu nililolisahau hapo kwenye baiskeli! Nimekuja kumwomba radhi baba mkwe wangu huyu anirudishie mke, naye haamini kwamba nimekuja nalo!"

Mpishi hakuitazama baiskeli. Aliitazama kofia yangu.