Kuku wa Wiki Nzima

Kipupwe kikiingia Mafia, mama yangu hujifunga khanga mbili, huvaa soksi alizopewa na mdogo wake wa Unguja, kisha huanza kudai nazi. Anataka wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa nazi, na mkate wa kumimina wa kumalizia. Anasema baridi inamla mifupa na chakula kikavu hakimpiti kooni. Baridi yenyewe ni ya kuchekesha, mtu wa Njombe angeivulia shati, lakini hilo ukimwambia mtagombana hadi Isha.

Mimi ni mpishi. Nafanya kazi Utende, kwenye hoteli ya watalii wanaokuja kuzamia, na nalala hukohuko kwenye vyumba vya wafanyakazi, kwa sababu chai ya wageni huanza kabla jua halijatoka na chakula chao cha usiku huisha barabara ikiwa haina hata pikipiki. Nyumbani kwetu, Miburani, narudi siku ya mapumziko tu. Si mbali, na hilo ndilo linaloniudhi. Ningekuwa Mwanza au Muscat ningesema basi, umbali umenishinda. Lakini niko kisiwa kimoja na mama yangu, na bado sijui mchana amekula nini.

Mwaka huo kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilipata kidonda. Alijikwaa kwenye kizingiti cha jiko, akapaka mafuta ya nazi, akanyamaza. Nilipokuja kukiona kilikuwa kimeshabadilika rangi. Mama ana kisukari cha siku nyingi. Daktari alimwambia waziwazi mbele yangu kwamba sukari ikishuka kidonda kitafunga, na isiposhuka kidole kitakatwa, na wakati mwingine hawaishii kwenye kidole. Mama akaitikia inshallah kwa sauti ya mtu anayepewa habari za nyumba nyingine.

Nikakata shauri kwamba nitampikia mwenyewe, chakula cha wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Hotelini tuna kuku mmoja wa oveni ambaye wageni wanampenda, anapangwa na mboga kwenye bakuli kubwa la udongo na kuiva polepole mpaka kila kitu kinaingiliana. Nyumbani sina oveni, lakini nani Mafia hajui kuoka kwa makaa. Nilimvua kuku ngozi yote, nikamkata vipande, nikamlaza kwenye sufuria pana juu ya vitunguu na nyanya. Nikaweka karoti, bilinganya, hoho, mbaazi zilizokwisha chemshwa, tangawizi na kitunguu swaumu vya kutosha, bizari, ndimu, chumvi ya kunyunyiza tu. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina. Hamna mafuta ya maana. Hamna nazi hata tone.

Mama alikaa mlangoni akinitazama kama ninaosha maiti bila kujua taratibu zake. Akauliza mbuzi ya kukunia nazi imevunjika? Nikamwambia ipo, haina kazi leo. Akauliza minazi ya marehemu baba yako imekauka? Nikamwambia haijakauka.

Chakula kilipopoa nilikigawa kwenye vibakuli vya plastiki vyenye vifuniko, kila kimoja mlo mmoja, nikavipanga kwenye friza. Nikamwelekeza: kimoja mchana, kimoja jioni, unakitoa mapema kinayeyuka, unakipasha moto, unakula. Akasema, "Yaani unanilisha kiporo wiki nzima." Nikamwambia kiporo ni chakula kilichobaki, hiki hakijabaki, hiki kimepikwa kwa makusudi. Akasema kimelala, na kilicholala ni kiporo. Nilipanda pikipiki kurudi Utende nikiwa nimekasirika, lakini moyo umetulia kidogo.

Siku ya mapumziko iliyofuata nilikuta vibakuli vyote vimeoshwa, vimefudikizwa kwenye kichanja. Nilifurahi sana, sifichi. Nikapika tena. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, siku yangu moja ya kupumzika inaishia kwenye moshi wa makaa, macho mekundu, mgongo unauma, na wageni wa Utende wananisubiri alfajiri. Sikulalamika. Vibakuli vilikuwa vinarudi vitupu. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho sikukielewa, vifuniko vilikuwa vinanukia iliki, na mimi kwenye kuku wangu sikuweka iliki.

Tukaenda kliniki. Sukari ilikuwa juu kuliko mwanzo. Daktari akauliza anakula nini. Mama akajibu kwa upole wote, "Chakula cha mwanangu." Daktari akanigeukia, akaniuliza ninapikaje, ninatia mafuta kiasi gani, ninajua kwamba wanga pia ni sukari? Mimi, mpishi, nahojiwa upishi wangu kama msichana wa kazi aliyeunguza maharage. Nilieleza kuku wangu tangu ngozi hadi ndimu. Akatikisa kichwa. Kidonda nacho kilikuwa kimepanuka. Njiani kurudi mama aliimba kaswida taratibu mpaka nyumbani.

Wiki hiyo bahari ilichafuka, wageni wakashindwa kuzamia, kundi moja likaondoka mapema, na meneja akaniruhusu nitoke adhuhuri. Sikumpigia mama simu. Nilipoingia uani niliwakuta wawili kwenye mkeka, yeye na jirani yetu. Jirani ni mjane wa makamo ya mama, mtu wa familia zile zenye damu ya Oman na mashamba ya minazi, na kwa mapishi hana mfano mtaani kwetu, hilo nalisema hata nikiwa na hasira. Katikati yao kulikuwa na sahani ya wali wa nazi, samaki changu wa kupaka, na vibakuli vyangu viwili vya plastiki. Kimoja kina visheti vilivyogandwa na sukari. Kingine kina vipande vya mkate wa kumimina.

Basi nikaelewa yote papo hapo. Siku ya kwanza nilipopika, harufu ilivuka ua. Harufu ikishafika kwa jirani, usipompelekea umemvunjia heshima, kwa hiyo mama alimpelekea kibakuli. Na chombo cha mtu kwetu hakirudishwi kitupu. Jirani akala kuku wangu, akakiosha kibakuli, akakijaza visheti, akakirudisha mwenyewe kwa mkono wake. Mama kuona kimerudi kizito akapeleka kingine. Mimi kule Utende naosha karoti za wazungu huku nikimshukuru Mungu kwamba mama anakula mboga, kumbe kuku wangu anamfaa jirani, tena jirani mwenye afya ya chuma, na mama analipwa sukari na nazi kwenye vibakuli vyangu mwenyewe.

Nilimwamkia jirani shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, karibu tule. Nikasema nimeshiba. Sijawahi kusema uongo wa wazi kiasi kile.

Jioni nilimfuata kwake. Nilikuwa nimejipanga kuongea kwa adabu na nadhani niliongea kwa adabu. Nilimweleza habari za kidole, ambazo mama hakumwambia kikamilifu, alimwambia amejikwaa tu. Nikamwomba mambo mawili. Kama mama akimletea chakula, apokee, asimkatalie. Lakini kibakuli akirudishe hivyohivyo.

Akaniuliza, "Nirudishe chombo kitupu? Kwa nani, mwanangu?"

"Kwa mama yangu," nilisema. "Kwa ajili ya mguu wake."

Akasema haya, nimesikia. Nikarudi nyumbani nimeshusha mzigo. Nilidhani nimemaliza kazi.

Alichofanya jirani ni kile nilichomwomba, wala hakuongeza wala kupunguza. Mama alipompelekea kibakuli, alikipokea, akakiosha, akaja kukiweka juu ya baraza letu, akaondoka. Hakubisha hodi. Angeingiaje? Tangu aolewe mtaa ule hajawahi kuingia nyumba ya mtu akiwa ameshika chombo kitupu, na uzee ule hakuwa tayari kujifunza. Mama alipokiona pale barazani alikifunua, akaangalia ndani, akakifunika. Haya nimesimuliwa baadaye. Hakumuuliza shoga yake chochote, na shoga yake hakueleza. Mama hakupeleka tena. Jirani naye hakuja tena, kwa sababu mikono mitupu ilimtia haya na mikono iliyojaa nilikuwa nimeikataza mimi. Watu wawili waliokula pamoja kila mchana, ua mmoja katikati yao, wakaanza kusikilizana kikohozi tu.

Kwenye simu nilikuwa namuuliza mama, umekula? Anasema nimekula. Umekunywa dawa? Nimekunywa. Nikawa najisifu jikoni kwa wenzangu kwamba sasa tumeipata dawa.

Alhamisi moja, alasiri, kabla sijarudi nyumbani tena kwa mapumziko, jirani akanipigia. Alikuwa amesikia adhana na hakusikia maji uani kwetu, na mama saa ile huwa anatawadha nje kwa makelele ya ndoo. Akaona liwalo na liwe, akaingia. Akamkuta mama ameketi sakafuni, amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoshikana. Alikuwa amekunywa dawa ya sukari bila kula kitu tangu jana yake. Jirani akamkalisha, akamkorogea chai ya sukari nyingi, akamnywesha kidogo kidogo mpaka akili zikarudi. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Yule niliyemkataza visheti ndiye aliyemwokoa mama yangu, na alimwokoa kwa vijiko vya sukari. Jambo hilo mpaka leo likinijia nafsi yangu inakasirika, sijui imkasirikie nani.

Nilifika na aproni bado kiunoni. Mama alikuwa amelala kitandani, mchovu, lakini ananung'unika vizuri tu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye friza. Vibakuli vilikuwa vimejaa, vimepangana kama nilivyoviacha, vina theluji juu. Nilivitoa kimoja kimoja nikavigonga mezani. Chakula changu cha wiki nzima. Mgongo wangu. Nikamuuliza mama kwa nini hakula. Nikamuuliza anataka akatwe mguu? Nikasema mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi wake.

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Nipashe moto kibakuli, nikae, nile na nani? Nile na ukuta?"

Jirani alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anatazama sakafu. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, ya daktari na ya kwangu, yote ya kweli. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia kwa hasira, na hakuna aliyenibembeleza.

Asubuhi yake niliomba ruhusa ya siku moja zaidi na nikapika. Safari hii sikugawa mlo mmoja mmoja. Nilipika masufuria mawili, nikayagawa kwenye vyombo vipana vya watu wawili, na sikuviweka kwenye friza yetu. Nilivibeba vyote kwa jirani. Nilimwambia chakula hiki ni chako, kikae kwako, kila mchana utoe chombo, upashe moto, umpelekee shoga yako. Uingie umebeba kitu. Na yeye hana cha kukurudishia, kwa sababu mtakuwa mmekula pamoja kwenye chombo kimoja.

Alifunua kimoja, akanusa, akasema, "Chumvi je?" Nikamwambia hivyohivyo. Akasema atajitahidi.

Sijui anajitahidi kiasi gani. Nina wasiwasi kuna tui linaingia, kwa sababu mara moja nilikuta mchuzi una weupe ambao mbaazi peke yake haziwezi kuuleta. Nilipouliza, wote wawili walitazama angani. Mama bado anamwita kuku wangu kiporo. Bado kila wiki nakesha na makaa ili watu wazima wawili wapate kitu cha kukisema vibaya. Lakini kliniki sukari ilikuwa imeshuka, mara ya pili ikashuka tena, na muuguzi aliyefungua bandeji alisema kidonda kinaota nyama mpya. Kidole kipo.

Juzi nilipiga simu mchana, baada ya kuwahudumia wageni. Nilikuwa chumbani kwangu, nimekaa kitandani, sahani magotini. Alipokea jirani, nyuma yake nasikia vijiko na mama akicheka, kicheko kile cha kuinamia mkeka. Akaniambia wamemaliza, hakuna kilichobaki, na kwamba kuku wa leo alikuwa mkavu kama mahubiri ya mchana. Mama akamnyang'anya simu. Nilimuuliza amekunywa dawa, akasema amekunywa. Kisha akauliza kama mimi nimekula. Nikamwambia ndiyo, nakula sasa hivi.

"Na nani?"

Nikamwambia nakula, mama, nimeshasema nakula.

"Nimesikia unakula. Nakuuliza na nani."

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.